Antena ndogo kwa nyumba za kambi: kusikia vizuri bila kusimamisha mlingoti



Wengi wetu tunaofanya kazi viwandani na mashambani hatukai katika nyumba zetu. Tunakaa katika nyumba za mwajiri: vyumba vilivyoungana, paa moja la mabati, uwanja mmoja, na tangazo lililobandikwa penye bomba la maji likitaja yaliyokatazwa. Usifuge mbuzi. Usijenge jiko la nje. Usisimamishe mlingoti wala kutandaza waya juu ya paa.

Hilo la mwisho limewaudhi wengi. Redio ni chombo cha mfanyakazi. Haidai vocha kama simu, na huleta habari za nyumbani kwa mtu aliyevuka mpaka kutafuta kazi. Lakini jioni, saa ile ya taarifa ya habari, mashine za kiwanda bado zinaunguruma, na kinachotoka redioni ni mikwaruzo mitupu. Basi mtu hutafuta mwanzi mrefu, hufunga waya kileleni, na kesho yake mnyapara huja kuung'oa.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi ya kuchagua antena ndogo inayoelekezwa upande mmoja, ambayo inaweza kukaa ndani ya chumba au chini ya upenu, isivunje kanuni ya kambi wala isihatarishe maisha ya mtu. Tunazungumza juu ya kupokea tu. Mitambo ya kurusha matangazo huhitaji leseni ya serikali, nayo si habari yetu leo.

KOSA LA KUTAFUTA UREFU

Watu wengi huamini kwamba antena nzuri ni ile iliyo ndefu na iliyo juu. Si uwongo mtupu, lakini si ukweli wote. Waya mrefu hukusanya kila kitu: hukusanya stesheni, na pia hukusanya kelele za umeme kutoka kwenye mota, balbu za LED za bei rahisi, chaja za simu na vidhibiti vya sola. Ukiongeza waya, vyote viwili huongezeka pamoja. Redio hupiga kelele zaidi, nawe husikii zaidi.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili katika kambi ya shamba moja la chai. Jirani yangu, mzee aliyekuwa akihudumia mashine za kukaushia majani, alikuwa ameng'olewa mlingoti wake mara mbili. Siku moja nilimkuta amekaa mlangoni na redio yake mapajani, anaigeuzageuza polepole kama mtu anayechagua papai sokoni.

"Mzee, unatafuta stesheni?" nikamwuliza.

"Stesheni ninayo, kijana wangu," akajibu. "Natafuta pa kuitupa kelele."

Maneno hayo ndiyo msingi wa yote yanayofuata. Antena ya kuelekezwa ina upande inaosikia vizuri, na ina upande ambao ni kiziwi. Katika kambi yenye kelele, ule upande wa uziwi ndio wenye thamani kubwa. Chagua antena yako kwa kufikiria kwanza kelele unayotaka kuinyamazisha, kisha stesheni unayotaka kuisikia.

MASWALI MATATU KABLA YA KUTUMIA SENTI

Swali la kwanza: stesheni unayoitaka iko katika masafa gani? Masafa ya kati, ambayo kwenye redio huandikwa MW au AM, kwetu Afrika huanza kilohezi 531 hadi 1602. Masafa mafupi, yaani SW, hutumika kwa matangazo ya mbali sana. FM iko kati ya megahezi 87.5 na 108. Kila aina ina antena yake, na iliyo nzuri kwa moja haifai kwa nyingine.

Swali la pili: stesheni iko upande gani? Tazama ramani ya shule ya mtoto wako. Aliye karibu na Fort Portal, Kampala iko mashariki yake. Aliye Bukavu, Kigali iko mashariki, kidogo kaskazini. Kumbuka kwamba mtambo wa kurushia waweza kuwa juu ya kilima mbali na mji wenye studio.

Swali la tatu: kelele inatoka wapi? Washa redio ya betri, iweke mahali pasipo na stesheni, utembee nayo. Zima chaja na balbu zako mwenyewe, moja baada ya nyingine. Mara nyingi mtu hugundua kwamba adui mkubwa si kiwanda, bali ni chaja yake iliyoning'inia ukutani. Kuing'oa hakugharimu kitu.

MASAFA YA KATI: ANTENA UNAYO TAYARI

Ukifungua redio yoyote ya MW utaona kijiti cheusi kigumu kilichozungushiwa nyuzi nyembamba za shaba. Mafundi hukiita feraiti. Hiyo ndiyo antena ya masafa ya kati. Ule mkono wa chuma unaovutwa juu hautumiki hapo, ni wa FM na masafa mafupi.

Feraiti ni antena ya kuelekezwa. Husikia vizuri ubavu wake unapotazama stesheni, na huwa kiziwi ncha zake zinapotazama. Tena usikivu wake ni mpana, lakini uziwi wake ni mwembamba na mkali. Ndiyo sababu ukigeuza redio kidogo tu, kelele yaweza kuzimika ghafla huku stesheni ikibaki. Basi kabla ya kununua chochote, fanya kama yule mzee: ielekeze ncha ya feraiti kwenye kelele, si ubavu wake kwenye stesheni.

Je, kama kelele na stesheni viko katika mstari mmoja? Hapo feraiti ikiziba kelele huziba na stesheni pia, kwa kuwa ina ncha mbili, na ni kiziwi mbele na nyuma. Lakini fikiri: kiwanda kiko mita mia mbili kutoka kwako, na stesheni iko kilomita mia mbili. Ukihamisha redio hadi kona nyingine ya nyumba au mwisho wa uwanja, upande wa kiwanda hubadilika, upande wa stesheni haubadiliki. Hatua ishirini zaweza kufanya kazi ambayo mwanzi wa mita kumi haukuiweza.

FREMU YA WAYA

Ikiwa stesheni ni dhaifu mno, tengeneza fremu. Chukua vipande viwili vya mbao, vifunge msalaba, ili upate mraba wenye upande wa sentimita 60. Zungushia waya mwembamba wenye ngozi ya plastiki mara 12, kila mzunguko ukiwa mbali na mwenzake kama nusu sentimita. Waya wa mita 30 utatosha. Ncha zake mbili ziunge kwenye kapasita ya kuzungusha, yaani kile kifaa kinachogeuzwa na kitufe cha kutafutia stesheni katika redio za zamani. Fundi wa redio atakutolea kutoka kwenye redio iliyokufa. Inayofaa ni ya pikofaradi 365 hadi 500. Ikiwa ni ya 365 na ina vyumba viwili, viunganishe vyote viwili.

Fremu hii haina betri, haina umeme, wala haiungwi kwenye redio kwa waya. Weka redio karibu nayo, feraiti ikiwa imeelekea uso wa fremu kama msumari unaotaka kupenya ubao. Tafuta stesheni kwenye redio, kisha geuza kapasita taratibu. Penye mahali pake, sauti itapanda ghafla. Ikiwa stesheni yako iko chini kabisa ya kipimo na fremu haifiki, ongeza mzunguko mmoja wa waya. Ikiwa iko juu kabisa, punguza mmoja.

Kuielekeza ni hivi: fremu husikia vizuri ukingo wake unapotazama stesheni, na ni kiziwi uso wake unapotazama. Geuza redio na fremu pamoja. Mabaharia walitumia koili za aina hii, kubwa zaidi, kutafuta upande wa vituo vya pwani, kwa sababu ya ule uziwi wake mkali.

Fremu hutundikwa nyuma ya mlango kama picha, au hukaa chini ya kitanda hadi jioni. Hakuna kanuni ya kambi inayokataza mbao mbili na waya ndani ya chumba cha mtu.

Jambo moja la kutarajia: usiku mawimbi ya masafa ya kati hurudi kutoka angani na kuleta stesheni za mbali sana. Stesheni hizo hazizibiki kwa urahisi kama mchana, kwa kuwa zinakuja kutoka juu. Lakini kelele ya jirani bado inazibika.

MASAFA MAFUPI

Wazee watakumbuka jinsi masafa mafupi yalivyokuwa dirisha letu. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, redio ya Peking mwaka 1961, na ile ya Ujerumani mwaka 1963. Tangu hapo stesheni nyingi za dunia zimepunguza au kuacha masafa hayo na kuhamia FM na intaneti. Basi hakikisha kwanza kwamba matangazo unayoyataka bado yapo kabla ya kununua waya.

Kama yapo, fremu ya mzunguko mmoja tu wa waya mnene, yenye upande wa sentimita 80, pamoja na kapasita ile ile ya pikofaradi 365, itafika kwenye bendi za mita 49, 41, 31 na 25. Lakini hapa redio haitumii feraiti, kwa hiyo kuiweka karibu hakutoshi. Ndani ya fremu kubwa weka duara dogo la waya, kama sehemu moja ya tano ya ukubwa wake. Ncha moja ya duara ifungwe kwenye mkono wa chuma wa redio, ya pili kwenye chuma cha nje cha tundu la visikizio. Fanya hivyo kwa redio ya betri tu, isiyochomekwa kwenye umeme.

FM NA TATIZO LA MABATI

FM ni jambo jingine. Mawimbi yake ni mafupi, kama mita tatu, na husafiri karibu na mstari ulionyooka. Kilima huyazuia. Mabati nayo huyazuia. Kwa hiyo usifiche antena ya FM darini, imegusana na paa la chuma. Hapo umeifunga sandukuni. Mahali pake ni penye dirisha, au barazani chini ya upenu.

Antena rahisi ni nyaya mbili zilizonyooshwa kushoto na kulia, kila mmoja sentimita 71, na kebo ya televisheni katikati: uzi wa ndani kwa waya mmoja, wavu wa nje kwa waya wa pili. Kipimo hicho ni cha megahezi 100. Kwa stesheni nyingine, gawa 143 kwa megahezi zake, utapata urefu wote kwa mita. Ikilala, antena hii husikia kwa ubavu na ni kiziwi kwenye ncha, kama feraiti. Kwenye redio, kebo hufungwa kama tulivyoeleza juu ya lile duara dogo, na onyo ni lile lile.

Ukitaka isikie upande mmoja tu, weka nyuma yake fimbo au waya mmoja mtupu wa mita moja na nusu, umbali wa sentimita 60, usiounganishwa na kitu chochote. Huo hufanya kazi kama kioo cha taa: hurudisha mawimbi mbele na kupunguza yale ya nyuma. Hii ndiyo antena ya Yagi katika umbo lake dogo kabisa. Ilibuniwa Japani mwaka 1926 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, na ndiyo mama wa zile antena za televisheni zenye mbavu kama samaki.

Mwenye ukuta wa mabati ana bahati iliyojificha. Ukuta huo, ambao ulikuwa unamzuia kusikia akiwa ndani, waweza kuwa kioo chake akiwa barazani. Antena ikikaa mbele ya ukuta kwa umbali wa sentimita 75 hivi, husikia vizuri upande wa mbele, na kelele za nyuma ya ukuta hupungua. Waya uliofungwa kwenye nguzo ya baraza, wima, hauonekani na mtu. Jaribu wima, jaribu kulala, kwa sababu stesheni hazirushi zote kwa namna moja.

Anayesikiliza FM kwa simu ajue kwamba waya wa visikizio ndio antena. Aunyooshe, asiukunje mfukoni.

USALAMA SI NENO LA MWAJIRI PEKE YAKE

Tuseme kweli, ingawa ni chungu. Kanuni ya kukataza milingoti mara nyingine ni ubabe tu. Lakini mara nyingine ina sababu. Anayeinua mwanzi wenye waya, au bomba la chuma, karibu na nyaya za umeme zinazokwenda kiwandani, amebeba kifo chake mikononi. Si lazima hata aziguse: umeme wa nguvu nyingi waweza kuruka. Kama mlingoti ukianguka waweza kufikia nyaya za umeme, mahali hapo si pake.

Pia nchi zetu za Maziwa Makuu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani. Waya ulio juu ya paa huongoza radi hadi kitandani kwa mtu. Antena ya ndani haina hatari hiyo kwa kiasi kile. Hata hivyo, mvua ya radi ikikaribia, fungua kebo ya barazani kutoka kwenye redio na uiache nje. Wala usitumie kamwe waya wa umeme wa nyumba, au bomba lake, kuwa antena.

KAZI YA TAWI

Ndugu, antena iliyofichwa huondoa usumbufu, lakini haiondoi swali. Je, mtu anayelipa kwa jasho lake ana haki gani ndani ya nyumba anayoishi?

Si sisi tu tunaouliza. Huko Marekani, ambako vyama vya wenye nyumba hukataza hata kamba ya kuanikia nguo, serikali ilitoa kanuni mwaka 1996 iliyowazuia kukataza antena za televisheni na sahani za kipenyo cha mita moja au chini yake. Mwaka 1999 wapangaji nao waliingizwa. Kanuni hiyo haikuhusu antena za redio wala mitambo ya mafundi wa kujifurahisha, na iliacha nafasi kwa masharti ya usalama. Lakini ilipitisha mpaka mzuri: sehemu ambayo mpangaji anaitumia peke yake, kama baraza lake, ni mbali na paa au ukuta wa wote.

Mpaka huo unafaa kupelekwa na wajumbe wetu mbele ya mwajiri. Tuombe mambo matatu. Kwanza, kanuni za nyumba ziandikwe kwa lugha tunayoisoma, na kila katazo liwe na sababu yake. Pili, kilicho ndani ya chumba na kwenye baraza ya mtu, kisichogusa umeme wala nyumba ya jirani, kisihesabiwe kuwa kosa. Tatu, pale ambapo vilima vinazuia kabisa na mlingoti hauepukiki, uwekwe mmoja tu, kwenye ukumbi wa kambi, na fundi umeme wa kampuni, mbali na nyaya na ukiwa na kinga ya radi, ili wote wasikilize.

Asiyeweza kusikia habari hutegemea za kuambiwa. Akiambiwa kwamba mshahara umepanda, hawezi kujua. Akiambiwa kwamba mpaka umefungwa, hawezi kujua.

Basi leo jioni, kabla hujaenda kutafuta mwanzi, ng'oa chaja ukutani. Chukua redio, keti mlangoni, uigeuze polepole. Ikinyamaza kelele, tia alama ya chaki sakafuni hapo ilipo, na kesho umwonyeshe jirani.